Ngoma ikianza, tarumbeta hunyamaza

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

*Bendi za matarumbeta zimejaa harusini na makanisani mkoani Songwe. Nyimbo za Wanyiha na Wanyamwanga hazimo vitabuni mwa bendi hizo, na ubishi kuhusu suala hilo ni mkubwa kuliko unavyoonekana.*

JUMAMOSI mchana Tunduma ina foleni mbili. Ya kwanza ni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, ambayo wenyeji wameizoea kama vumbi. Ya pili ni ya harusi: Noah zilizofungwa riboni, bodaboda zinazopiga honi, na mbele ya zote kirikuu iliyobeba vijana sita au saba wenye matarumbeta, ngoma kubwa ya kifuani na jozi ya matoazi. Foleni ya pili huipenya ya kwanza kwa kelele tu. Hata dereva wa semi aliyelala chini ya trela lake huinuka kumtazama bibi harusi.

Mambo hubadilika ukumbini. Bendi itapiga mapambio, itapiga Bongo Fleva inayovuma wiki hiyo, itawasindikiza maharusi hatua kwa hatua hadi meza kuu. Kisha, keki ikishakatwa na zawadi zikianza kutajwa, akina mama wa upande wa bwana harusi wataingia na wimbo wa nyumbani, wa Kinyiha au wa Kinyamwanga, na ukumbi mzima utasimama.

Mtazame mpiga tarumbeta saa hiyo. Anashusha chombo, anamwaga mate yaliyojikusanya ndani ya bomba, anakilaza mapajani. Wa tromboni anajifuta jasho. Anayebaki kazini ni mpiga dramu peke yake, ambaye ndani ya dakika moja ameshaudaka mdundo na kuutia chumvi. Shaba yote imekaa kimya.

Ukiuliza sababu, jibu ni moja: wimbo haujapangwa. Maana yake hakuna aliyekaa chini akaugawa sauti nne, akaandika tarumbeta la kwanza lipige nini na tuba iingie wapi. Tenzi za kanisani zimepangwa, zina kitabu. Bongo Fleva hunaswa kwa sikio kutoka kwenye simu, na kwa kuwa tayari ina kinanda ndani yake, kuihamishia kwenye shaba si kazi kubwa. Wimbo wa akina mama hauna kitabu wala kinanda.

Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalambya na wengine, na Tunduma yenyewe imejaa watu wa kila kona waliofuata biashara ya mpakani. Nyimbo zipo. Wapulizaji wapo. Ubishi ni kama viwili hivyo vikutane, nani avikutanishe, na kwa fedha ya nani.

Baridi ya Pasaka

Tarumbeta lilipanda Nyanda za Juu Kusini kwa njia mbili: Biblia na bunduki.

Tuanze na Biblia. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ujerumani, na kufikia 1899 walikuwa wamefungua kituo Mbozi, ndani ya Songwe ya leo, chini ya Traugott Bachmann. Ni makanisa machache yenye historia ndefu ya kupuliza shaba kama lao. Huko Herrnhut walikotoka, tangu karne ya 18, misiba na sikukuu vilitangazwa kwa tromboni.

Desturi yao kubwa ni ya Pasaka. Waumini hukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza, na bendi hupuliza wakati anga linaanza kupambazuka. Ibada hiyo ilianza Herrnhut mwaka 1732, na Wamoraviani wa Tanzania wanaifuata mpaka leo.

Anayetaka kujua ugumu wa chombo hiki aende Mbozi alfajiri hiyo. Baridi hushusha sauti ya shaba. Tarumbeta lililopoa hutoa noti iliyo chini kidogo ya inayotakiwa, na yakiwa sita, kila moja na baridi yake, wimbo hukwaruza masikio. Ndiyo maana wazoefu huweka kipande cha mdomoni mfukoni au kwapani, na hupuliza pumzi tupu ndani ya bomba kabla ya wimbo wa kwanza. Vitufe vikigoma, hutiwa mafuta ya cherehani.

Bachmann hakuwa mtu wa kuvunja kila alichokikuta. Historia ya misheni inamkumbuka kwa kutofautiana na wenzake kuhusu mila za Wanyiha, akitaka zisiguswe bila sababu. Agano Jipya la Kinyiha lililotoka mwaka 1913 ni kazi yake pamoja na Wanyiha aliokaa nao. Kwa hiyo Neno lilipata Kinyiha chake mapema kabisa. Bendi haikupata. Vitabu vya wapulizaji vilibaki kwa sehemu kubwa na tenzi za Kijerumani, sauti nne, mwendo wa taratibu, na hivyo ndivyo vilivyorithiwa mjukuu kwa kitukuu.

> Neno lilipata Kinyiha chake mwaka 1913. Bendi haikupata.

Vita ilipita hapa

Njia ya pili ni ya askari. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, mpaka huu wa Tunduma ulikuwa mpaka wa Mjerumani na Mwingereza, na kituo cha Fife, upande ambao leo ni Zambia, kilikuwa jirani tu. Novemba 1918 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipita pande hizi na askari wake, akaishambulia Fife, akateremka hadi Kasama, na tarehe 25 ya mwezi huo akasalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala.

Askari na wapagazi wa pande zote mbili walikuwa wamebeba kitu kingine zaidi ya mizigo. Walibeba beni.

Beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana wa mjini waliziona bendi za wanamaji na za misheni, wakaamua kwamba na wao wanaweza. Walichukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare na saluti, wakavitumbukiza ndani ya mashindano ya ngoma za mitaa ambayo yalikuwepo kabla mzungu hajatia mguu. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, majenerali wake, makapteni na madaktari wake. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu, na kwa nyimbo za kuwakebehi wapinzani hadi watu wakagombana kweli.

Tanganyika pande mbili kubwa ziliitwa Marini na Arinoti. Marini walijiona wastaarabu. Arinoti walikusanya watu wa bara na wa kazi za sulubu. Vita ilipoisha, zote mbili zilikuwa zimeenea kila majeshi yalikopita. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kikatoka mwaka 1975. Anayedhani ngoma ni starehe tu akisome.

Serikali za kikoloni ziliingiwa na wasiwasi. Watu wanaoandamana kwa safu, wenye vyeo, wenye matawi mji hadi mji, hawapendezi machoni pa mtawala. Kwenye Ukanda wa Shaba, Northern Rhodesia (Zambia ya leo), wasiwasi huo ulipata pa kushika: tume iliyochunguza mgomo wa migodi wa mwaka 1935 ilisikiliza ushahidi kuhusu chama cha mbeni, kama beni ilivyoitwa huko, maana wachezaji wake walikuwa na mtandao wa kupashana habari ambao mameneja hawakuuona.

Kutokana na mbeni ikatokea kalela. Mtafiti J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya, mji wa Ukanda huohuo, mwaka 1951: vijana wenye suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na ngoma zilizotengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Upande wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe unaoitenga wilaya ya Ileje na jirani zake, na kuendelea hadi ufukoni mwa ziwa, ikawa malipenga. Kwa Wanyasa wa mkoa wa Ruvuma ni mganda.

Malipenga yanastahili kusimama kidogo. Shaba ni ghali. Basi wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakabandika kwenye tundu utando unaotokana na buibui, na wakaimba humo ndani. Utando hutetemeka, na sauti ya mtu hutoka ikiwa na mkwaruzo uleule wa tarumbeta. Vibuyu vikubwa ni besi, vidogo ni sauti za juu, ngoma kubwa katikati, na safu ya wanaume wenye kaptura nyeupe wanainua mguu kwa pamoja. Ni bendi kamili, na hakuna senti iliyokwenda ng'ambo kununua chombo.

Kwa hiyo anayesema shaba na ngoma haviwezi kukaa pamoja anabishana na babu zake. Na mabishano hayo ameshayashindwa tangu 1920.

Wimbo mmoja, mataifa mawili

Ushahidi mwingine uko mpakani hapahapa, na unasikika kwenye kila sherehe ya kiserikali. Wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Zambia una maneno tofauti na sauti ileile. Bendi ikipiga wa kwetu, ikapumua, kisha ikapiga wa wenzetu, mgeni asiye na habari atadhani wamerudia kwa bahati mbaya.

Sauti hiyo aliitunga Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mwaka 1897. Hakuwa na bendi. Alikuwa na wanafunzi na daftari, na aliandika kwa solfa, do-re-mi ileile ambayo walimu wengi wa kwaya wa Vwawa na Mlowo, mkoani humuhumu, huiandika ubaoni. Wengine ndio waliokuja baadaye kuipanga kwa shaba. Sontonga alifariki mwaka 1905 bila kujua kwamba siku moja mizinga ingepigwa sambamba na wimbo wake.

Solfa yenyewe si ya Afrika. Ni mbinu ya walimu wa Uingereza wa karne ya 19, iliyotengenezwa ili watu wasio na fedha za piano wajifunze kuimba kwa sauti nne. Ilifika kwetu na wamisionari na ikakaa. Udhaifu wake unajulikana: huandika vizuri noti zinazopanda na kushuka, lakini kwa mdundo inababaika, hasa mdundo ambao mkono mmoja unahesabu mbili na mwingine tatu. Tutarudi hapo.

Hata hivyo funzo la Sontonga liko wazi kabisa. Wimbo uliosafiri ni ule ulioandikwa. Kuna nyimbo ngapi za rika lake, nzuri kuliko wake, zilizozikwa na walioziimba?

> Hakuwa na bendi. Alikuwa na wanafunzi na daftari.

Wengine wanatuandikia

Kuna aina ya bendi ambayo Songwe haina: bendi ya konseti, ya kukaa vitini mbele ya mwongozaji, yenye filimbi, klarineti, saksafoni, shaba na ngoma za kila aina, bila fidla. Marekani na Japani ni jambo la kawaida shuleni. Bendi hizo zinahitaji vipande vipya kila mwaka, na Afrika imekuwa mojawapo ya visima vyao.

Robert W. Smith, mtunzi Mmarekani aliyefariki mwaka 2023, aliandika miaka ya 1990 kipande kinachotokana na ngoma za sherehe na ibada za Afrika Magharibi; kwa miongo sasa wanafunzi wa sekondari wa kule wanakipiga. "African Symphony" ya Van McCoy, ya miaka ya 1970, iligeuka wimbo wa bendi za shule za Japani zinazoshangilia mechi za besiboli. Afrika gani imo ndani yake, kila mtu aisikilize aamue.

Halafu kuna "Baba Yetu". Christopher Tin, Mmarekani, aliitunga mwaka 2005 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Februari 2011 ilishinda tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki wa mchezo wa kompyuta, na sasa ina mipangilio ya kwaya, ya okestra na ya bendi za konseti. Watoto wasioweza kuonesha Tanzania kwenye ramani wameikariri sala ambayo bibi zetu huisema wakiwa nusu usingizini.

Hapo hakuna mwizi. Sala ni ya wote, na Tin hakudai kwamba ametunga ngoma ya wilaya yetu ya Momba. Lakini jambo moja linauma. Mwongozaji wa bendi huko Ohio akitaka kipande chenye harufu ya Afrika Mashariki, anakipata dukani kesho. Kiongozi wa bendi Tunduma akitaka kipande chenye harufu ya Tunduma, hana pa kukinunua.

Noti ya saba

Kazi ya kupanga ni ngumu, na wanaosema hivyo wana hoja. Tuichukulie kwa undani kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Tarumbeta bila kubonyeza kitufe chochote hutoa noti chache tu, kwa kukaza na kulegeza midomo. Ni ngazi ya asili. Buruji la jeshini linaishi kwa ngazi hiyo peke yake. Ukipanda ngazi hiyo, hatua ya saba hutoka chini kidogo ya noti ya kinanda, kama theluthi moja ya nusu toni. Mwanafunzi wa tarumbeta hufundishwa kuikwepa; huambiwa imepotoka, atumie vitufe.

Sasa nenda Dodoma. Waimbaji wa Kigogo, wale ambao hayati Hukwe Zawose aliwafikisha majukwaa ya Ulaya na ilimba yake, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, wana ngazi ya nyimbo ambayo watafiti wa muziki wamegundua inafuata hatua hizohizo za asili, kuanzia ya nne hadi ya tisa, pamoja na ya saba ile iliyo chini ya kinanda. Mgogo anaitafuta noti ambayo mwalimu wa tarumbeta anaifukuza. Yaani chombo kilichotoka Ulaya kina ndani yake sauti ya Kigogo, na sisi tunawafundisha vijana kuizima.

Nyimbo za Songwe si za Kigogo na hazifuati lazima ngazi hiyo. Lakini mfano unatosha kuonesha kwamba swali la kwanza la mpangaji si "nitaubanaje wimbo huu uingie kwenye tarumbeta". Aanze kwa kusikiliza tarumbeta lina nini ambacho kitabu kimekificha.

Mdundo ndio mtihani mkubwa zaidi. Bendi ya matembezi imezoea mguu wa kushoto na wa kulia: moja, mbili. Ngoma nyingi za huku huhesabu mbili na tatu kwa wakati mmoja, na mtu aliyekulia humo hahesabu kabisa, mwili wake unajua. Mpe mpiga tuba aliyelelewa na tenzi wimbo wa namna hiyo, ataweka besi kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, na wimbo utakufa palepale kwa kusimamishwa wima. Besi inatakiwa ianguke pale ngoma kubwa inapoanguka, na mara nyingi si mwanzo.

Mengine ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Nyimbo za kupokezana zinajipanga zenyewe: mwimbishaji ni tarumbeta la kwanza, waitikiaji ni tromboni na matarumbeta mengine, vigelegele wapewe klarineti kama ipo. Beni haikuhitaji shahada kugundua hayo.

Wanaovutana

Wa kwanza ni wazee wa kanisa. Kwa wengi wao tarumbeta ni chombo kilichowekwa wakfu, mara nyingi kimekuja kama msaada kutoka kwa makanisa rafiki ya Ujerumani, na hawaoni kwa nini kipigiwe nyimbo ambazo baba zao waliziacha walipobatizwa. Baadhi ya nyimbo hizo zilikuwa za matambiko, za pombe, za jando. Si hoja ya kudharau. Anayeishi na majirani wanaojua maneno ya wimbo fulani hawezi kujifanya kwamba sauti peke yake haina historia.

Lakini Ukristo huohuo una majibu yake. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia katika chuo cha Walutheri cha Makumira, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti yenye asili ya Kihaya, na leo wimbo huo wa Pasaka umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani. Hukohuko Makumira, Howard Olson alikusanya na kuchapisha nyimbo za Kikristo zenye sauti za makabila ya Tanzania. Walutheri walikwishavuka mto huo kwa midomo. Wa shaba ndio waliobaki ng'ambo.

Wa pili ni vijana wenyewe, na hoja yao ni ya mfukoni. Kamati ya harusi hulipia shangwe. Muda wa kukaa wiki mbili kupanga wimbo mmoja ambao utapigwa dakika nne, ukoo mmoja ukiufurahia na mwingine ukiukodolea macho, haulipwi na mtu. Tunduma, ambako bwana harusi anaweza kuwa Mnyamwanga na bibi harusi Mnyakyusa au Mkinga, wimbo wa kabila moja ni hatari ya kibiashara. Bongo Fleva haina kabila. Mapambio hayana kabila. Sina jibu la haraka kwa hoja hii, na ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote.

Wa tatu ni wapenzi wa ngoma, wanaosema iachwe ilivyo. Wanahofia kwamba ukishaiandika, ile iliyoandikwa ndiyo itakuwa sahihi, na mama anayeubadilisha wimbo kila anapouimba ataambiwa anakosea. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila inasahau kwamba ngoma ambayo haiandikwi wala haipigwi na vijana haibaki ilivyo. Inapungua, ubeti hadi ubeti, kila mzee anapozikwa. Na anapozikwa, bendi inayomsindikiza hupiga utenzi wa Kijerumani.

> Mpiga tuba aliyelelewa na tenzi ataweka besi kwenye pigo la kwanza, na wimbo utakufa palepale.

Gwaride la asubuhi

Kuna bendi nyingine ambayo hakuna anayeihesabu. Shule nyingi za msingi nchini zimewahi kuwa nayo: ngoma mbili tatu, filimbi, pengine buruji moja lililobonyea, na watoto wanaoingia darasani kwa mguu baada ya mstarini. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka pamoja na mchakamchaka. Siku hizi imehamia zaidi kwenye shule za binafsi, ambako hutolewa siku ya mahafali ikiwa na sare za kumeta na kofia za manyoya, na wazazi hurekodi kwa simu.

Bendi ya shule ina faida ambayo ya harusi haina: haitafuti mteja. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa shule za msingi. Mwalimu mwenye nia anaweza kuwaagiza watoto walete wimbo kutoka kwa bibi, akauandika kwa solfa, na kuwapa wapiga filimbi wake sauti mbili. Kizingiti ni mwalimu mwenyewe. Waliosomea muziki ni wachache, wanaotoka Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira wana soko zuri mijini, na Momba si mahali wanapokimbilia.

Halmashauri zina maofisa utamaduni. Kazi yao kubwa inayoonekana ni kuandaa vikundi vya ngoma vya kumpokea mgeni rasmi na Mwenge wa Uhuru. Vikundi hivyo hucheza, hupigiwa makofi, hupanda lori na kurudi kijijini. Kumkalisha mmoja wa waimbaji hao mezani na kiongozi wa bendi ya tarumbeta kwa siku tatu kungegharimu chini ya chakula cha mapokezi hayo. Hilo ni kadirio la mwandishi, lakini aliyewahi kuona bajeti ya mapokezi hatabisha.

Kibali kitatoka wapi?

Tuseme yote yamekwenda sawa. Mpangaji amepatikana, wazee wameridhia, kamati imelipa, wimbo wa Kinyamwanga umepangwa kwa matarumbeta sita na umerekodiwa. Unaanza kupigwa redioni. Fedha ni ya nani?

Mpangaji ana haki kwa kazi yake ya kupanga, na anaweza kuisajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Wimbo wenyewe ni suala jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumike kibiashara kiholela nje ya mazingira yake ya asili bila kibali, na Baraza la Sanaa la Taifa ndilo lenye dhamana. Nia ni nzuri: asije mtu wa mbali akajichotea. Lakini sheria imeandikwa kana kwamba jamii zote zinaishi ndani ya mipaka ya nchi moja.

Wanyamwanga hawakuwahi kuishi hivyo. Wako Tunduma na Momba, wako Nakonde na kuendelea, na mpaka uliowapitia katikati ulichorwa na Wajerumani na Waingereza ambao hawakumuuliza mtu. Zambia nayo ilitunga sheria yake ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za asili mwaka 2016. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha mahindi na shaba ya viwandani kupita kwa ukaguzi wa mara moja. Wimbo haumo kwenye fomu za forodha. Kijana wa kwanza wa Tunduma atakayeupanga na kuuza nakala zake, akishtakiwa na shangazi zake wa Nakonde, atalazimika kwanza kujua kama kibali chake alipaswa kukiomba Dar es Salaam au Lusaka.